Jina Katika Chuma

Maneno ya mazungumzo kwa wakazi wa Jericho, Nairobi, juu ya namna ya kumtambua fundi aliyetengeneza kinga ya upanga wa Kijapani wa zamani

Katika nyumba nyingi za mitaa ya mashariki ya Nairobi, toka Kaloleni mpaka Makadara, toka Maringo mpaka Jericho, wazee wana desturi ya kuweka sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani yake hutunzwa vitu visivyo na bei sokoni, lakini ambavyo hakuna athubutuye kuvitupa: vyeti vya ubatizo, stakabadhi za kodi ya nyumba, picha za arusi zilizokwisha kugeuka rangi, na kama mwenye nyumba alikuwa askari wa Keya, cheti cha kutoka jeshini na nishani moja au mbili. Mtaa wa Jericho ulijengwa na Baraza la Mji wa Nairobi katika miaka ya mwisho kabla ya uhuru wa 1963, karibu na barabara ambayo zamani iliitwa Doonholm na leo huitwa Jogoo. Watu wazima wa miaka ile walikuwa wameishi katika siku za vita vya 1939 mpaka 1945, na baadhi yao walivipigana wenyewe.

Na ichukuliwe mfano. Katika nyumba moja ya Jericho mzee amefariki, na baada ya matanga sanduku lake linafunguliwa mbele ya mjane, watoto na wajukuu. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cha kaki, kinaonekana kipande cha chuma cha mviringo, upana wake sentimita saba na nusu, cheusi, chenye kutu hapa na pale. Katikati kina tundu jembamba refu, na pande zote limechongwa joka lililojikunja. Kando ya tundu yako maandishi madogo, matatu upande huu na matatu upande ule, wala hakuna mtu nyumbani awezaye kuyasoma.

Mjukuu, ambaye ni fundi wa vyuma, akauliza: "Nyanya, hiki ni kitu gani?"

"Babu yako alikuja nacho kutoka Burma, mjukuu wangu. Alisema ni cha upanga wa Mjapani. Upanga wenyewe sikuuona kamwe."

Siku ya tatu akaja mnunuzi wa vitu vya kale. Akakigeuza mkononi, akasema kwamba ni chuma tu, akaahidi shilingi elfu mbili. Mtoto mkubwa wa marehemu alitaka zipokelewe, kwa maana karo ya shule ilikuwa inadaiwa. Mjukuu naye alikwisha kutafuta msasa ili akisugue king'ae, kipate bei nzuri zaidi. Nyanya akawazuia wote wawili kwa neno moja: "Ngojeni."

Mfano huu ni wa kutungwa, lakini mambo yaliyomo ni ya kweli, na yanaweza kumfika mtu yeyote aliyerithi kitu cha kale. Neno la nyanya lilikuwa neno la hekima, kama itakavyoonekana.

KITU CHENYEWE

Kitu hicho Wajapani hukiita tsuba. Ni kinga ya mkono, nayo hukaa baina ya mpini na bapa la upanga. Kazi yake ni kuuzuia mkono usiteleze mpaka kwenye makali, kuukinga kidogo na pigo la adui, na kusawazisha uzito wa upanga ili usielemee mbele. Lile tundu la katikati ni la kupitishia msuka wa upanga, kama msuka wa jembe unavyopita katika mpini wake. Pembeni pengine huwa na matundu mengine mawili: moja la kisu kidogo, na jingine la kijiti cha kutengenezea nywele, ambavyo vilichomekwa katika ala ya upanga.

Ni lazima jambo moja lieleweke tangu mwanzo, maana wengi hukosea hapa. Jina lililochorwa katika kinga si jina la askari aliyeuvaa upanga, wala si jina la mhunzi aliyefua bapa. Mfua bapa huchora jina lake katika msuka, mahali panapofichwa na mpini. Kinga ilikuwa kazi ya fundi mwingine, na mara nyingi ilitengenezwa mahali pengine na katika zama nyingine. Bapa moja liliweza kubadilishiwa kinga mara kadhaa, kama mtu abadilivyo ukanda wa suruali. Kwa sababu hiyo katika matundu ya kinga nyingi za zamani huonekana vipande vidogo vya shaba vilivyopachikwa ili tundu likubali msuka mwingine. Vipande hivyo si kasoro. Ni dalili kwamba kinga ilitumika kweli.

NAMNA KILIVYOWEZA KUFIKA

Katika mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, ilipigana na Wajapani katika Burma. Askari wake walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na nchi nyingine jirani. Waliteremka katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, katika matope na homa ya malaria, wakawafukuza adui mpaka mto Chindwin. Na mwanzo wa Desemba 1944 wakautwaa mji wa Kalewa. Maofisa wa Kijapani walivaa panga, na panga hizo zilipendwa sana na washindi kuwa kumbukumbu ya vita.

Lakini si kila kinga iliyotoka Burma ni ya kale. Jeshi la Japani lilikuwa na upanga wa serikali. Upanga wa ofisa ulifuata mfano uliotolewa mwaka 1934 na kurekebishwa mwaka 1938, na kinga yake ilikuwa ya shaba ya manjano au madini ya namna hiyo, yenye maua ya mcheri yaliyopangwa sawasawa. Upanga wa sajini, wa mfano wa 1935, ulitengenezwa kwa mashine na kupigwa nambari. Kinga za namna hizo ni kumbukumbu za vita zenye heshima yake, lakini hakuna haja ya kumtafuta fundi wake, kwa sababu zilitoka katika viwanda kwa maelfu. Hata hivyo, baadhi ya maofisa walikwenda vitani na bapa la babu zao, na mara chache hata kinga ya zamani ilibaki mahali pake. Kwa hiyo kinga ya chuma yenye joka lililochongwa kwa mkono, kama ile ya mfano wetu, yastahili kuchunguzwa.

MSASA UWEKWE MBALI

Kabla ya uchunguzi wowote, kuna katazo moja. Kinga ya chuma isisuguliwe: si kwa msasa, si kwa waya, si kwa majivu, si kwa dawa ya kuondolea kutu.

Fundi wa Kijapani hakukusudia chuma chake king'ae kama sufuria mpya. Alipokwisha kukifua na kukichonga, alikitia dawa na moto kwa ustadi mpaka kikajifanyia ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia iliyokolea, au nyeusi yenye zambarau kidogo. Ngozi hiyo ni sehemu ya kazi yake, na kila kikundi cha mafundi kilikuwa na siri yake ya kuipata. Miaka mia mbili ya kushikwa na kupanguswa huizidishia uzuri. Atakayeisugua kwa muda wa dakika kumi atakuwa ameondoa kitu ambacho hakuna fundi awezaye kukirudisha, na pamoja nacho ameondoa ushahidi mkubwa wa umri na asili. Kutu nyekundu inayotoka unga hupanguswa polepole kwa kitambaa kikavu cha pamba, basi. Kilichobaki waachiwe wajuzi.

Mjukuu aliposikia hayo alisema: "Nyanya, nilitaka kukitengeneza."

"Najua, mjukuu wangu. Lakini hukijui bado. Utakitengenezaje?"

SHAHIDI WA KWANZA: CHUMA

Kumtafuta fundi ni kama kusikiliza kesi ya shamba. Mwenye baraza hamhoji shahidi mmoja tu. Katika jambo hili mashahidi ni watatu: chuma, sura ya kazi, na jina. Wengi hukimbilia jina kwanza. Desturi ya wajuzi ni kuliacha mpaka mwisho.

Kwanza huulizwa: je, ni chuma, au ni shaba? Mafundi wa Kijapani walijua kuchanganya madini kwa namna ya ajabu. Shaba nyekundu iliyotiwa dhahabu kidogo, kisha ikapikwa katika maji ya dawa, ilitoa rangi nyeusi nyororo kama bawa la kunguru, waliita shakudo. Shaba iliyochanganywa na fedha ilitoa rangi ya majivu. Waliita shibuichi, na maana ya neno hilo ni "sehemu moja katika nne". Mchanganyiko wa aina hiyo huonyesha kazi ya mjini na ya watu wenye cheo, kama ile ya ukoo wa Goto uliowatumikia watawala wa Japani kwa vizazi vingi tangu karne ya 15.

Ikiwa ni chuma, swali la pili ni hili: kimefuliwa kwa nyundo, au kimesubiwa katika kalibu? Hapa fundi wa Jericho hahitaji kufundishwa na mtu. Anajua kwamba chuma kilichosubiwa huwa na vitundu vidogo kama vya mkate, na pembe zake huwa butu. Atazame ndani ya matundu ya nakshi, mahali ambapo macho hayafiki upesi. Katika kazi ya kweli ataona alama za tupa na tindo. Katika kazi ya kuiga ataona chembechembe za kalibu, au mstari mwembamba mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Nakala za kusubu zimetengenezwa kwa wingi ili kuuziwa wageni, na baadhi yao zimepakwa kutu ili zionekane kongwe.

Mjukuu alichukua kioo cha kukuzia, akakaa mlangoni penye mwanga wa asubuhi, akachungua tumboni mwa joka. Baada ya kitambo akasema: "Huyu alitumia tindo nyembamba. Hapa ilimteleza, akarudia." Kwa mara ya kwanza mtu wa nyumba ile alikuwa amemwona fundi mwenyewe, ingawa hakuwa bado na jina lake.

SHAHIDI WA PILI: SURA YA KAZI

Katika Ukambani wa zamani mtu aliyeokota mshale porini aliweza kujua umetoka katika ukoo gani, kwa sababu kila ukoo ulikuwa na alama yake, na alama hiyo iliwekwa katika mishale, katika mizinga ya nyuki na katika ng'ombe. Vivyo hivyo katika Japani kila jimbo lenye wahunzi lilikuwa na mtindo wake, na mjuzi huweza kulitaja jimbo kabla hajasoma herufi hata moja.

Katika Owari walipenda chuma kinene chenye kukatwa kwa mistari iliyonyoka, na katika ukingo wake huonekana vinundu vya chuma kigumu kama mifupa chini ya ngozi; tena wajuzi huviita hivyo hivyo, mifupa ya chuma. Kinga za Kyoto zilikatwa kwa wembamba na upole. Katika Higo, chini ya bwana Hosokawa Tadaoki aliyefariki mwaka 1646, ziliinuka jamaa za mafundi zilizosifiwa kwa chuma laini machoni kama hariri, na jamaa mojawapo, ya Hayashi, ilikuwa kwanza ya watengeneza bunduki. Katika Choshu walichonga maua na majani yaliyoinuka. Katika Hikone walijaza uso wote wa chuma watu wadogo wadogo, miti na farasi, wakatia njumu ya dhahabu na fedha. Na katika Echizen, ambayo leo ni sehemu ya mkoa wa Fukui, walikuwako mafundi waliojulikana khasa kwa majoka yaliyochongwa mwili mzima ndani ya duara la chuma.

Kinga nyingi, na baadhi ya zile nzuri kupita zote, hazina jina lolote. Za kale zaidi khasa zilitengenezwa na mafundi ambao hawakuona haja ya kujitaja. Kwa hizo jibu la mwisho ni kusema, "Hii ni kazi ya Owari, ya karne ya 17," wala mjuzi mwaminifu hataongeza neno. Mtu asihuzunike akipewa jibu kama hilo. Kujua kikundi ni kujua jambo kubwa, na ni heri kuliko kubandikiwa jina kubwa lisilo kweli.

SHAHIDI WA TATU: JINA

Sasa na liitwe jina. Kwa kawaida huchorwa kando ya tundu la msuka, katika sehemu iliyoachwa wazi bila nakshi, ambayo upanga ukiwa mzima hufunikwa na kibati chembamba cha shaba. Maana yake ni kwamba fundi alijitaja mahali ambapo mwenye upanga hakupaona kila siku.

Maandishi husomwa toka juu kwenda chini, na mara nyingi yana mpango mmoja: kwanza jimbo, kisha neno jū, maana yake "mkazi wa", kisha jina, na mwisho neno saku, maana yake "ametengeneza". Pengine huongezwa tarehe. Wajapani walihesabu miaka kwa majina ya enzi, kama wazee wa bara walivyokuwa wakihesabu kwa majina ya marika na ya njaa kubwa. Enzi ya Tempo, kwa mfano, ilianza mwaka 1830. Kwa hiyo mwaka wa tano wa Tempo ni 1834.

Asiyejua Kijapani hawezi kusoma, lakini aweza kunakili na kupiga picha. Kinga iwekwe juu ya kitambaa cheupe, mwanga utoke upande mmoja, pande zote mbili zipigwe, na rula iwe kando yake ili vipimo vionekane. Ukingo nao upigwe. Picha kama hizo huweza kupelekwa kwa wajuzi popote walipo. Katika Tokyo kiko chama cha kuhifadhi panga za Kijapani, kilichoanzishwa mwaka 1948, ambacho huchunguza panga na kinga na kutoa vyeti; nyumba yake ya makumbusho iko Sumida tangu mwaka 2018. Katika London, British Museum na Victoria and Albert Museum zina kinga nyingi, na Museum of Fine Arts ya Boston pia. Vitabu vyenye orodha ya maelfu ya mafundi vimechapishwa. Hapa Nairobi, mahali pa kuanzia kuuliza ushauri juu ya kutunza kitu cha kale ni Makumbusho ya Taifa.

Katika mfano wetu picha zilipelekwa, na jibu likarudi. Herufi zile sita zilisomeka hivi: Echizen jū Kinai saku. Yaani, "Kinai, mkazi wa Echizen, ametengeneza."

Nyumba ilifurahi. Mtoto mkubwa akasema: "Basi tumempata. Sasa tujue bei."

JINA PEKE YAKE HALITOSHI

Lakini kesi haikuwa imekwisha. Kila mkulima ajua kwamba jembe lenye chapa nzuri hununuliwa upesi, na kwa sababu hiyo hiyo wako wachongao chapa nzuri juu ya jembe baya. Mambo ya Japani hayakuwa tofauti. Yule fundi Soten wa Hikone alisifiwa sana kwa watu wake wadogo wenye njumu, na sifa yake ikaleta msiba: kinga zenye jina lake ni nyingi kuliko mikono ya mtu mmoja inavyoweza kufanya, na zilizo nyingi hakuzigusa yeye. Majina ya Nobuie na Kaneie, mafundi mashuhuri wa zamani, yamechorwa na watu wa vizazi vingi vya baadaye.

Mwezi Machi 1876 ubaya huo ulipata nafasi zaidi. Serikali mpya ya Japani iliwakataza watu kuvaa panga hadharani, isipokuwa askari, polisi na maofisa katika mavazi ya sherehe. Kwa amri moja mafundi wa kinga waliokuwa na kazi ya kurithi wakakosa wateja. Wengine waligeukia kutengeneza vyombo vya maua na visanduku vya kuuza Ulaya na Marekani. Kinga za zamani nazo ziliuzwa kwa wageni kwa wingi. Ndiyo sababu leo ziko nyingi katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo. Na palipo na mgeni mwenye fedha asiyejua kusoma, hakukosekana wa kumchorea jina alipendalo.

Kwa hiyo wajuzi hulipima jina kwa kazi, wala hawaipimi kazi kwa jina. Huuliza: je, mtu wa Echizen angekitumia chuma hiki? Je, joka hili lina magamba na makucha ya mtindo wa kule? Je, tindo iliyochora herufi iliingia kwa pembe ile ile na kwa nguvu ile ile kama katika kazi zisizo na shaka? Je, ngozi ya chuma imeshuka mpaka ndani ya mistari ya herufi, au mistari ni mipya kuliko uso unaoizunguka? Mashahidi watatu wakikubaliana, jina hupokelewa. Shahidi wa chuma na shahidi wa kazi wakilikana jina, jina hutupwa, hata kama ni kubwa namna gani.

Katika mfano wetu walikubaliana. Lakini jibu lilikuwa na neno jingine. Kinai si mtu mmoja. Tangu karne ya 17 jina hilo lilirithiwa katika jamaa moja ya Echizen, baba na mwana na mjukuu, na vizazi kadhaa vilichora maneno yale yale. Kwa hiyo iliandikwa: "Kazi ya jamaa ya Kinai, yaelekea ya karne ya 18." Fundi aliyeteleza tindo tumboni mwa joka alikuwa mmoja wao, na yupi khasa, hakuna awezaye kuapa.

Bei nayo haikuwa bei ya kununulia shamba, kwa maana kinga za Kinai ziko nyingi duniani. Lakini ilikuwa mara kadhaa ya zile shilingi elfu mbili. Na kama msasa ungepita, isingefika hata nusu yake. Mnunuzi yule hakusema uongo aliposema kwamba ni chuma. Alinyamaza juu ya mengine, na asiyeuliza hajibiwi.

JINA LA ALIYEKILETA

Hapo ndipo nyanya alipouliza swali ambalo hakuna mjuzi wa Tokyo aliyeliuliza. "Mhunzi ameandika jina lake," alisema. "Na babu yenu ameandikwa wapi?"

Wakafungua tena sanduku. Nishani ya Burma ilikuwamo, ile nyota ya shaba yenye pembe sita. Lakini nyota hizo za Uingereza kwa kawaida zilitolewa bila jina la mwenyewe. Cheti cha kutoka jeshini kilikuwamo, jina na nambari zikisomeka kwa shida, na mikunjo yake ilikuwa imeanza kukatika. Hakuna karatasi iliyosema kwamba mtu huyu na chuma hiki vilikuwa pamoja. Habari hiyo ilikuwa katika kichwa cha mama mmoja mzee tu.

Waafrika wengi waliokwenda vitani wamepotewa na majina yao kwa njia hiyo. Katikati ya Nairobi ziko sanamu za askari na mpagazi, zilizowekwa mwaka 1928 kwa kumbukumbu ya vita vya kwanza. Huheshimu maelfu, wala hazimtaji hata mmoja kwa jina lake. Katika makaburi ya Taukkyan, nje ya Rangoon, ambayo leo huitwa Yangon, majina ya karibu watu 27,000 waliokufa katika vita vya Burma bila kaburi lijulikanalo yamechorwa katika mawe, na wamo watu wa Afrika ya Mashariki. Lakini aliyerudi nyumbani salama, akafanya kazi yake, akalea watoto wake na kufa kitandani, yeye hakuchorewa jiwe. Kumbukumbu yake ni kile watu wa nyumba yake watakachoandika.

Wakaandika. Katika kadi moja, kwa wino, walitia jina lake kamili, nambari yake ya jeshi, mwaka alioandikwa na mwaka aliotoka, na maneno aliyomwambia mkewe juu ya kipande kile, kama alivyoyasema, bila kuyaongeza. Pale ambapo nyanya hakukumbuka, waliacha nafasi tupu; kwa maana habari ya kubuni ni sawa na jina la Soten juu ya chuma kisicho chake. Cheti kilipigwa picha, kisha kikawekwa baina ya karatasi safi. Kinga ilifungwa katika kitambaa cha pamba kilicho kikavu, mbali na jiko na mbali na ukuta wenye unyevu.

Juu ya kuuza au kutouza, nyumba ile haikukata shauri siku ile, wala haikuwa lazima. Karo ni jambo la haki, na mtu akiuza urithi wake kwa kujua thamani yake hana lawama. Lakini sasa walikuwa na uhuru wa kuchagua, ambao hawakuwa nao siku mnunuzi alipobisha hodi. Na walikubaliana neno moja: kikiuzwa, kadi itakwenda pamoja nacho, na nakala itabaki sandukuni.

Mabibi na Mabwana, mtu yeyote mwenye sanduku kama lile nyumbani aweza kufanya hivyo hivyo, liwe na upanga, saa, kitabu au barua. Asisugue. Asiuze siku ile ile. Apime, apige picha, aulize wanaojua, na alipokee jina lililoandikwa baada tu ya kazi yenyewe kulishuhudia. Na maadamu yuko mzee nyumbani anayekumbuka, jambo la kwanza kuliko yote ni kukaa naye jioni moja, na kalamu mkononi. Chuma cha Echizen kimengoja miaka mia mbili na zaidi kisomwe, nacho chaweza kungoja tena. Mzee hangoji.